Fundo la Mwaka wa Nne

Baraza ya udongo ya mtaa wa watengeneza ngozi, mjini Ghadames, ilikuwa imeng'arishwa na makalio ya vizazi vitano. Ilikaa kando ya mfereji wa chemchemi, chini ya tundu la mwanga, kwa kuwa mitaa ya huko imeezekwa na jua huingia kwa kibali. Mwenye baraza, kwa haki ya kutoondoka, alikuwa mzee mpima maji ambaye jina alilopewa na mamaye lilikwisha kusahaulika. Wote walimwita Fundo. Alining'iniza chungu chenye tundu kitakoni, akakijaza, akakingoja kikauke, kisha akafunga fundo moja kwenye ukuti wa mtende. Chungu kimoja, fundo moja. Na kila bustani ya mji ilikuwa na hesabu yake ya mafundo. Kazi ya namna hiyo haitaki mtu hodari, inataka mtu anayekaa, na mtu anayekaa huzoa wenziwe kama asali inavyozoa nzi. Basi kila siku baada ya adhuhuri walikuja: Haji Nusu, aliyeondoka kwenda Maka akageukia Misri, katikati ya njia; Chumvi, muuza chumvi ambaye hajavuka mchanga hata mara moja, lakini hakuna mpanda ngamia aliyeingia mjini asihojiwe naye; na Yahlaf mtengeneza ngozi, ambaye mara nyingi alikuja kunyamaza tu. Bakuli la mtindi likizunguka, na dunia nayo ilizunguka.

Juu, kwenye paa, Tafsut alilala kifudifudi kando ya tundu, kidevu juu ya mikono. Mapaa ya Ghadames yameshikana nyumba hadi nyumba, nayo ni njia ya wanawake kama mitaa ya chini ilivyo njia ya wanaume. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Alisoma hadi nusu ya ubao wa chuoni, kisha baba yake akaondoka na ubao ukatundikwa ukutani. Tangu hapo, mengi aliyoyajua aliyapata kwenye tundu hili.

Kadhi wa mji alikuwa na hesabu yake ya Hijra, nayo mwaka huo ilikuwa mia nne arobaini na sita. Lakini watu wa mtaa hawakuishi ndani ya hesabu. Kila mwaka waliupa jina la jambo lake kubwa, na Fundo akalifunga jina hilo kwenye kamba nene ya manyoya ya ngamia aliyorithi kwa babu yake. Jina lilitolewa siku ya mwisho, pale pale barazani, chungu cha mwisho kikikauka. Mwaka usio na jina haufungwi, na usiofungwa haujaisha. Hata kadhi huungojea.

Na kadhi alikuwa amesema neno moja juu ya Maksan, baba yake Tafsut: mtu aliyepotea hungojwa miaka minne. Maksan aliondoka Mwaka wa Nzige na ngozi arobaini, akielekea Sijilmasa. Ukafungwa Mwaka wa Ukuta. Ukafungwa Mwaka wa Harusi Saba. Ukafungwa Mwaka wa Upepo Mwekundu. Leo ulikuwa unafungwa wa nne, na fundo hilo likishakazwa, baba yake atakuwa amekufa, awe hai asiwe hai. Mama atavaa nyeupe ya eda. Bustani itagawanywa. Na hapo chini watu watamtaja wakianza na neno "marehemu", kwa urahisi, huku wanalamba mtindi vidoleni.

Miaka mingine Tafsut alipenda wakubaliane upesi, apate kuwahi kuwaambia wasichana wenzake jina jipya. Leo aliomba wagombane. Aliomba kama watu wanavyoomba mvua: ee Mola, watie ubishi.

— Leo ndiyo leo, — alisema Fundo akikijaza chungu. — Mwaka umebakiza vyungu kumi na viwili, navyo ni vya bustani ya Maksan. Kikikauka cha mwisho, nafunga. Nataka jina moja, tena la maana, si kama la mwaka juzi.

— Mwaka wa Harusi Saba una ubaya gani? — aliuliza Haji Nusu.

— Nne kati ya hizo zimeshavunjika. Nimebaki na fundo la uongo kwenye kamba yangu.

— Ungefunga tatu na nusu, — alisema Chumvi. — Ungemfurahisha Haji.

— Cheka, cheka. Nusu yangu ya njia ni ndefu kuliko safari zako zote. Wewe ukienda chooni unaaga.

Fundo akafunga fundo la kwanza. Juu, Tafsut akachukua kokwa la tende kutoka kwenye kikapu akaliweka kiganjani. Alikuwa akihesabu maji ya baba yake hivyo tangu alipoondoka. Kila zamu yao ilipofika alihesabu vyungu kumi na viwili kwa makokwa kumi na mawili, ili mtu akimuuliza siku moja, "Maji yangu yalikuja sawasawa?", aweze kujibu.

— Jina lipo, — alisema Chumvi, — wala hakuna haja ya kuumizana vichwa. Mwaka wa Nyuso Zilizofunikwa. Hamjasikia? Wale watu wa jangwa la magharibi, wanaojifunika mpaka pua, wameichukua Sijilmasa. Wameingia na ngamia zao, wakavunja kila zumari na kila ngoma waliyoiona. Mji mzima kimya. Mtu akitaka kuoa, anaoa kwa kunong'ona.

Tafsut alifumba kiganja. Sijilmasa. Chumvi alilitaja jina hilo kama mtu anavyotaja bei ya kitunguu.

— Zumari! — Haji Nusu alijipiga paja. — Mimi nakuletea nyota, wewe unaniletea zumari. Jamani, mwaka huu mbingu imezaa! Sote tuliiona, alfajiri, upande wa mashariki, kubwa kama kichwa cha mbuzi.

— Kama tende, — alisema Fundo.

— Kama kichwa cha ngamia, na mchana kweupe ilionekana vilevile. Nimeiona nikiwa nimekaa hapa hapa.

— Hapa hapa chini ya dari?

— Niliinua shingo kwenye tundu, bwana we! Mwaka wa Nyota. Kwisha kazi, funga.

Tafsut aliikumbuka nyota ile. Mama yake alimwamsha waione, wakasimama juu ya paa wamejifunika blanketi moja. Mama hakusema lolote juu ya ukubwa wake. Alisema tu, "Hata huko aliko ataiona." Kisha akaenda kulowesha maganda ya komamanga, kama alivyoyalowesha kila msimu, maji yakawa mekundu kwenye beseni tayari kwa kazi ya ngozi, ingawa hapakuwa na ngozi.

— Nyota hiyo huko Sini, nchi ya Wachina, ina jina lake, — alisema Chumvi. — Nimeambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu wa Basra. Wanajimu wa mfalme wa Sini wanaiita nyota mgeni.

— Umeona! Hata Sini wamekubali.

— Ngoja. Wahenga walisema nini? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hii imekaa mwezi wa ngapi sasa? Imeshapewa jembe. Imeanza kulima. Mnadhani Nili imekauka kwa sababu gani?

Fundo aliinua mkono aliokuwa afungie fundo. — Nyota imelima Nili?

— Imeitoboa chini. Maji yote yameingia ardhini.

— Ala! — Haji Nusu alisimama, mtindi ukamwagika. — Usinichezee Nili, Chumvi. Nili naijua mimi, nimenawa uso humo. Haikutobolewa. Haikupanda tu. Kule Misri imepanda mpaka magotini ikarudi zake, mashamba yamebaki nchi kavu, na watu wa Fustati wanachemsha mikanda ya viatu. Na haikupanda kwa sababu ya Warumi.

— Warumi wamefanya nini tena maskini wa Mungu?

— Wamegombana kwa mkate.

— Kwa mkate?

— Wallahi. Mkuu wa makanisa wa Rumi ya magharibi anasema mkate wa ibada usitiwe hamira. Mkuu wa Kostantinia anasema utiwe. Wametupiana barua za laana mpaka juu ya madhabahu, wametengana, huyu huku, yule kule. Sasa fikirieni: nusu ya Warumi wameacha hamira. Na kitu kinachofanya vitu vipande ni nini?



— Hamira, — alisema Fundo polepole.

— Basi! Dalili ya mvua ni mawingu. Hamira imepungua duniani, mto utapanda na nini?

Fundo aliitazama mikono yake miwili. Mkono wa kujaza ulikuwa unaijua kazi yake. Chungu kilikauka, ukakijaza, kikakauka tena, ukakijaza. Lakini mkono wa kufunga ulikuwa unagombana, umenyooshwa mbele ya pua ya Haji Nusu, na ukuti ulikuwa umelala pajani bila mtu. Tafsut aliona. Kwake makokwa yalifika manane.

— Mimi nasema Mwaka wa Mkate, — alisema Haji Nusu.

— Mwaka wa Mkate! Wajukuu zetu watadhani tulishiba.

— Na kaisari wa Kostantinia je? — alidakia Chumvi. — Amekufa baridi hii. Na tauni imepita mji wake mpaka wazikaji wamekosa wa kuwazika. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mbingu ilipata ufa, nyota ikachungulia, hawakuziba, tauni ikaingia.

— Methali hiyo ni ya nyumba, Chumvi.

— Mbingu si nyumba? Wewe unakaa wapi?

— Jamani, — alisema Yahlaf.

Hakuwa amefungua mdomo tangu walipokaa. Sauti yake ilifanana sana na ya kaka yake Maksan, mpaka Tafsut aliposikia neno hilo moja, kama kila mara, moyo wake uliruka kwanza ndipo ukakumbuka.

— Chagueni lolote, — alisema Yahlaf. — Nyota, mkate, hamira. Funga, mzee Fundo, tuondoke.

— Haraka ya nini, kaka? — aliuliza Chumvi. — Haraka haraka haina baraka.

— Miaka minne si haraka.

Maji ya mfereji yalisikika yakipita.

— Mnadhani naitaka ile bustani? — alisema Yahlaf, na hakuna aliyekuwa amesema hivyo. — Bustani naipalilia mimi, mitende naipanda mimi, nachomwa miiba vidoleni mimi. Nimechoka kitu kingine. Ngamia akilia langoni, nainuka. Mtu akikohoa mtaani, nainuka. Miaka minne nainuka na kukaa. Mwacheni mtu akae.

Tafsut alikuwa amemchukia ami yake tangu asubuhi, alipomwona akija na joho safi kama aendaye kwenye jambo lake. Sasa chuki ile ilikosa mahali pa kushika. Alitamani irudi, maana ilikuwa nyepesi kuibeba kuliko kilichokuja badala yake.

— Tafsut, — mama yake, Izza, aliita kwa sauti ya chini kutoka upande wa jiko. — Wamefika wapi?

— Bado wanabishana, mama.

— Alhamdulillahi, — alisema mama, akaendelea kukoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Nyuma yake kitambaa cheupe kilikuwa kimekunjwa juu ya kasha. Alikikunja jana, akakikunja upya leo.

Kokwa la kumi. Kokwa la kumi na moja.

— Basi tuunganishe, — alisema Haji Nusu kwa sauti ya kubembeleza. — Mwaka wa Nyota, Mkate, Nili na…

— Fundo moja haliwezi kubeba yote hayo. Hii ni kamba, si ngamia.

— Assalaam alaykum, — ilisema sauti ngeni.

Alikuwa mtu mrefu mwenye vumbi mpaka kwenye kope, na kiriba kitupu begani. Aliomba maji ya kunywa. Fundo alimwonyesha mfereji, wengine wakasogeza makalio, kwa kuwa mgeni hasimami mbele ya baraza. Alisema jina lake ni Badis, mtu wa Warjilani, na kwamba wameingia jana jioni na msafara kutoka magharibi, wamelala nje ya ukuta.

— Karibu mtindi, — alisema Fundo, akalitazama bakuli. Lilikuwa tupu. — Karibu bakuli.

— Ahsante. — Mgeni alimtazama Chumvi, akakunja macho. — Wewe si ndiye uliyeniamsha alfajiri?

— Mimi? — Chumvi alikohoa.

— Wewe. Nimelala, umenishika mguu, ukaniuliza nyota ilikuwa na rangi gani nilipoiona mimi.

— Nilikuwa nalinganisha tu. Kwenye msafara wenu nimehoji watu ishirini na mmoja, — Chumvi aliwaambia wenzake kwa fahari kidogo. — Kumi na wanne wanasema nyekundu.

— Hapa mnafanya nini?

— Tunaupa mwaka jina, — alisema Fundo. — Ukifungwa huu, unatimia wa nne tangu mtu wetu mmoja alipopotea, na kadhi atamhesabu maiti. Maksan, mtengeneza ngozi. Huyu ni mdogo wake. Alikwenda kwenu huko magharibi.

— Pole, — mgeni alimwambia Yahlaf. Kisha akageuka tena kwa Chumvi, na hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaka tu kuelewa. — Uliniuliza rangi ya nyota. Ukaniuliza nani ametawala Sijilmasa. Ukaniuliza kama mkate wetu una hamira. Mbona huyu aliyepotea hukumuulizia?



Haji Nusu alimtazama Chumvi, akageuka kumtazama Fundo. Fundo alimtazama Yahlaf. Yahlaf aliitazama mikono yake, iliyoliwa na chokaa ya kulainishia ngozi.

— Nilidhani… — alisema Chumvi. — Yahlaf ndiye nduguye. Nilidhani anauliza.

— Nami nilidhani wewe unauliza, — alisema Yahlaf. — Kila siku uko kwa wapanda ngamia. Nilijua ukisikia kitu utaniambia.

— Mimi nilidhani mnauliza wote, — alisema Haji Nusu kwa sauti ndogo.

— Miaka yote minne? — aliuliza mgeni.

Tafsut juu ya paa alijiuma mkono. Mara ngapi alikuwa amelala hapa akasikia misafara ikihojiwa, ya Tadmekka, ya Misri, ya Sijilmasa, akasikia habari za wafalme walioanguka na miji iliyoungua, na kila jioni akamwambia mama, "Leo hawakumtaja"? Hawakumtaja kwa sababu hapakuwa na aliyewauliza. Na yeye mwenye masikio hayo hakuligundua hilo mpaka mtu wa Warjilani alipokuja kunywa maji.

— Haya, — alisema mgeni. — Anafananaje?

— Mrefu, — alisema Haji Nusu mara moja.

— Mfupi, — alisema Chumvi. — Mfupi mnene.

— Maksan mnene? Wewe unamsema baba yake.

— Alikuwa na ndevu za kahawia…

— Hizo hina. Alipaka Idi moja tu.

Mgeni alimgeukia Yahlaf. Yahlaf alianza kusema, "Kaka yangu ni…", akasita, akaanza tena, "Alikuwa…", akafunika uso kwa kitambaa cha kilemba.

Mwanamke hazungumzi na baraza. Si sheria ya kadhi, ni ya kale zaidi kuliko kadhi. Mwanamke husikia, hucheka akitaka, hubeba maneno paa hadi paa. Lakini hateremshi sauti yake tunduni. Tafsut alijua hivyo tangu alipojua kutambaa. Akaingiza kichwa ndani ya tundu, nywele zikaning'inia kwenye mwanga.

— Kabla hajanunua ngozi huiweka shavuni, — alisema. — Hivi, shavu la kushoto. Hufumba macho, hupumua mara moja, ndipo husema bei. Hata wakimcheka hufanya hivyo. Ukucha wa kidole gumba cha kulia umepasuka kati, haukuota sawa. Akifunga mzigo husema "haya, haya", mara mbili, hata kama yuko peke yake. Si mrefu wala si mfupi. Akisimama na ami Yahlaf hamjui yupi ni yupi mpaka waseme, na wakisema pia hamjui.

Wanaume wote watano walikuwa wameinua nyuso. Kutoka juu walifanana na watoto wanaongojea kitu kidondoke.

— Nani huyo? — alisema Fundo. — Nani anateremsha…

— Ni binti yake, — alisema Yahlaf. — Mwacheni.

Mgeni aliinamisha kichwa kwa heshima, hakumtazama tena. — Mimi sijamwona, binti yangu, — alisema kuelekea ukutani. — Nisikudanganye. Lakini tupo watu mia moja na sitini huko nje, na tunaondoka kesho. Wengine wametoka Sijilmasa siku zile zile za vita.

Yahlaf alisimama. Safari hii hakukaa tena.

— Mzee Fundo, vimebaki vyungu vingapi?

Fundo aliuchukua ule ukuti pajani, akaupitisha vidoleni. Alihesabu. Akahesabu tena kutoka upande wa pili. Masikio yake yalibadilika rangi.

— Nimefunga saba, — alisema.

— Vimepita saba?

— Nimefunga saba. Vilivyopita… — Alikitazama chungu, kilikuwa kikavu, hakuna aliyejua tangu lini. Miaka thelathini na tisa alipima maji ya mji ule, na hajawahi kupoteza hata kimoja. — Ilikuwa ile hamira, — alisema kwa uchungu. — Haji, umeniharibia kazi na hamira yako.

— Nani anajua hesabu? — aliuliza Yahlaf. — Kuna anayejua?

Na juu ya paa Tafsut alifumbua kiganja. Makokwa kumi na mawili. Chungu cha mwisho kilikauka mgeni alipokuwa akisema "pole". Mwaka ulikuwa umekwisha, na ni yeye peke yake duniani aliyejua kwamba umekwisha.

Alikuwa msichana wa kweli. Hajawahi kumdanganya mama hata kuhusu unga. Alitazama yale makokwa kwa muda, kisha akachukua moja akalirudisha kwenye kikapu. Akachukua la pili. La tatu, la nne, la tano. Yakabaki saba.

— Kama hakuna ajuaye, — alisema Fundo, — basi kilichofungwa ndicho kilichopita. Saba. Vitano vya Maksan havijapimwa. — Akakifunika chungu kifudifudi juu ya baraza. — Navyo sitavipima mpaka nduguye arudi na jibu. Nimechoka kwa leo.

— Zamu inayofuata ni yangu, — alisema Haji Nusu. Wote walimtazama, wakijua bustani yake ilivyokuwa na kiu. Akajikuna shingo. — Mnanitazama nini? Mimi ni mtu wa nusu njia. Maji yangu yamezoea kuchelewa.

Kamba ya miaka ilirudi kwenye msumari wake, ncha yake ikining'inia bila fundo. Mfereji uliendelea kumwaga kwenye bustani ya Maksan bila kuhesabiwa.

— Nami naja, — Chumvi alisema, akimfuata Yahlaf na mgeni. — Kuuliza ni kazi yangu. Safari hii nitauliza cha maana.

— Utanyamaza. Nauliza mimi.

— Sawa, kaka. Nitanyamaza.

Tafsut alikwisha kuinuka. Alimpita mama yake jikoni, akamwambia neno moja tu, "Wanakwenda kumuulizia," na mama akaweka mwiko chini. Alikichukua kile kitambaa cheupe juu ya kasha, akakitia chini ya beseni la maganda ya komamanga, pasipoonekana.

Tafsut alikimbia juu ya mapaa. Aliruka ukuta mfupi wa nyumba ya Haji Nusu, akapita kati ya nguo za watu, akawaudhi kuku wa bibi mmoja aliyemwita mwendawazimu. Kwenye kila tundu alisimama kidogo akasikiliza: hatua za wanaume watatu chini yake, zikienda magharibi. Tundu lililofuata, hatua zile zile. Alikuwa juu yao kama kivuli kilichokosea upande.

Mapaa yanaishia kwenye ukuta wa mji. Zaidi ya hapo hakuna njia ya wanawake. Alisimama kwenye paa la mwisho, akashika ukingo. Chini ya ukuta ngamia walikuwa wamepiga magoti, mizigo imepangwa, moshi wa kuni unapanda, na katikati ya watu wale ami yake Yahlaf alikuwa akitembea na joho lake safi, kutoka kundi hadi kundi. Sauti yake ilipanda na upepo.

— Mtu wa Ghadames, mtengeneza ngozi. Ukucha wa gumba la kulia umepasuka. Husema "haya, haya" akifunga mzigo.

La, hatumjui.

Akaenda kundi la pili. Akasema yale yale, kwa maneno yale yale aliyoyapokea kutoka tunduni, bila kupunguza. La. Kundi la tatu walikuwa wanakula; waliacha kula wakamsikiliza, wakatikisa vichwa. Kundi la nne. Jua lilikuwa limeanza kugusa mchanga. La tano. Tafsut hakuhesabu tena kwa kokwa. Alihesabu kwa pumzi. Na kila alipokataliwa, Yahlaf alikwenda kwa waliofuata, na sauti yake, ambayo ilikuwa sauti ya Maksan, ilianza upya.

— Kabla hajanunua ngozi huiweka shavuni, shavu la kushoto, hufumba macho…

Pembeni, chini ya ngamia mweupe, mzee mmoja aliyekuwa akishona tandiko aliinua kichwa.

— Hebu ngoja, — alisema. — Rudia hapo pa shavu.